Kisahani cha Wiki ya Nane

Vuuum... si kiiii, ni vuuum, basi la mwisho limefika mteremkoni, limefunga breki chini ya dirisha lake na halikupiga ukelele, limeshusha pumzi tu kama mtu mzima anayekaa kitako baada ya kusimama kutwa nzima, naye amesimama dirishani, taa imezimwa, kisahani cha kioo kati ya vidole viwili, amekishika kwa ukingo kama alivyofundishwa, usiguse katikati mama, katikati ni pa vumbi peke yake, na badala ya kukitia kwenye bahasha yake anahesabu, moja, mbili, tatu, kwa sababu zamani ule ukelele ukikoma ulikuwa hufiki kumi kabla kikohozi hakijaitika kitandani, breki inaita mtoto anajibu, kama watani wa tangu zamani, nne, tano, pengine ni kelele zilizokuwa zikimwamsha, pengine ni vumbi, hiyo si kazi yake kujua, wenye kujua wako chuo kikuu na mizani zao, sita, saba... na kopo liko hapa miguuni, kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko cha njano, limejificha wiki zote hizi nyuma ya sanduku la vifaa la mume wake na usiku huu limetolewa ili likatupwe, basi likiondoka tu, barabara ikiwa tupu, atashuka ngazi pekupeku, pipa liko pale kwenye kona, gari la taka linapita alfajiri na Daktari wa Vumbi anakuja saa tatu asubuhi, hesabu hiyo ameipiga tangu jioni, alfajiri ni kabla ya saa tatu, alfajiri siku zote ni kabla ya saa tatu, nane, tisa, kumi. Kimya. Mtoto amegeuka ubavu, pumzi imeingia, pumzi imetoka, bila filimbi.

Filimbi ndilo jina alilopewa na nesi wa zahanati siku ile ya kwanza, nesi alisikiliza kifua akacheka kidogo akasema huyu ana filimbi ndani, na baba yake akalidaka hapo hapo, Bibi Filimbi, akalifanya la utani ili asilie mbele za watu, ndivyo alivyo Fundi, jambo likimzidi kimo analivisha kofia ya mzaha, lakini yeye hakucheka, mama gani anacheka, mtoto wa mwaka na miezi minne midomo imegeuka zambarau, unamkumbatia unakimbia naye huku unamwambia vuta, vuta mwanangu, kana kwamba amesahau tu na ukimkumbusha atakumbuka... na nesi akauliza mnakaa wapi, mteremkoni, juu ya kituo cha basi, nesi akaguna, akaandika. Ndipo alipokuja Daktari wa Vumbi, jina la watoto wa mtaani hilo, si daktari wa sindano, ni mtafiti wa chuo kikuu, mwanamke mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko mwenyewe, akapanda ngazi moja baada ya nyingine akitafuta nyumba arobaini kando ya barabara ya mabasi zenye watoto wadogo, akasema chuoni kwetu tumeunda pedi mpya za breki, hazina shaba, zina nyuzi za mimea na maganda ya kokwa yaliyosagwa, zinasimamisha basi sawasawa na za zamani ila hazimomonyoki sana, maana breki, mama, ni kama kipande cha sabuni, kila ukikitumia kinaisha, na kinachoisha kinakwenda wapi... hapo akamtazama mtoto na hakumalizia, haikuhitajika kumalizia. Kikafungwa kisanduku cheupe nje ya dirisha, kina matundu ubavuni, ndani kisahani cha kioo, kila Jumapili baada ya basi la mwisho unatoa cha zamani, unakitia kwenye bahasha ya kurudisha, unafungua kifuko chenye namba ya wiki unatoa kipya, na daftari la kikohozi, kila usiku kijistari kimoja kwa kila mara mtoto anapokohoa, wiki nane, na siku moja katikati ya wiki hizo nane mabasi yote ya barabara hii yatafungwa pedi mpya, ila siku gani hamtaambiwa, mkiijua mtaanza kusikia nafuu kabla haijafika, binadamu ndivyo tulivyo. Aliyejua ni Fundi, mume wake mwenyewe, fundi breki wa karakana ya mabasi, mikono yake ndiyo iliyokuwa ikizifunga, naye alitia saini kwamba hasemi kwa jirani wala kwa mke, na kweli hakusema, miezi miwili amelala na siri upande ule wa ukuta kama mke wa pili, na mama mkwe alipopata habari za maganda akasema basi zima na watu wake lisimamishwe na maganda? Mimi nitakuwa nashukia kule juu, mteremko nitautembea kwa miguu yangu niliyopewa na Mungu.

Mbona haliondoki hilo basi... huko chini mlango wa nyuma umezibwa, kuna mzee anatoa godoro, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, limekwama nusu nje nusu ndani, na kondakta anasema mzee wangu, godoro la futi sita, mlango wa futi mbili, hesabu hiyo ulifundishwa shule gani, na mzee anajibu liliingia, litatoka! Liliingia likiwa na adabu, anasema kondakta, sasa limeona taa za mjini halitaki kushuka, na abiria wanacheka, na yeye huku juu hapumui, shukeni jamani, ondokeni, nina kitu cha kutupa, nina mtu anakuja saa tatu... Daktari alipiga simu jioni, saa kumi, sauti yake haikuwa ile ya siku zote, akasema Mama Filimbi, samahani kukusumbua Jumapili, nyumba yako inanichanganya, wiki nne za kwanza visahani vyako ni vyeupe kama vimetoka dukani leo, halafu ghafla vumbi, na mwenzako wa nyumba ya pili hapo mteremkoni namba zake zinakwenda kinyume na zako kabisa, na mteremkoni nilikuwa na nyumba tano, wawili wamehama, mmoja kisanduku chake kimeibwa, mmebaki ninyi wawili tu, mmoja anasema juu, mwingine anasema chini, na Alhamisi nasimama mbele ya kamati ya usafiri, wataniambia ninyi wa chuo hata hamjui mnachopima, chukueni pedi zenu, sisi tunarudi kwenye zetu, nisaidie mama, kulitokea nini? Na yeye akasema sijui, Daktari. Sijui. Neno dogo hivyo, limetoka lenyewe kama mbegu ya chungwa, na Daktari akasema basi kesho nikija tuongee, nawe ukiwa hujui kesho utaongea nini, kwa miaka minne ya sekondari ulikuwa ukijua kusema sijui kwa mwalimu, lakini mwalimu hakuwa na mtoto wako mkononi.

Anajua. Anajua vizuri sana kilichotokea, ni mkono huu. Wiki ya kwanza alifungua kisanduku akakuta kisahani kimekuwa cheusi kama kitako cha sufuria, weusi wenye kung'aa kidogo, wa mafuta mafuta, akakiinua kwenye taa na uso ukamwaka moto, akajiona asubuhi yake anamkabidhi yule mgeni, mtu wa chuo kikuu, mwenye viatu visafi, sahani chafu, na nani asiyejua kwamba mgeni hapewi chombo kichafu, amelelewa hivyo, ameolewa hivyo, mama mkwe kila akija hupitisha kidole dirishani kabla hata hajaketi, hasemi kitu, anakitazama kile kidole tu, na kidole chake kinasema yote... basi akachana nepi nyeupe ya mtoto, kipande kama cha leso, akakipumulia kisahani akakifuta mpaka akajiona sura, na kile kitambaa kikawa kama kimezima moto. Wiki ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ya nne. Hakudhani anaharibu, alidhani anastahi. Na wiki ya tano Daktari akawaita akina mama wote darasani kwenye ile shule ya msingi ili awaeleze kazi inakwendaje, na yule mwenzake wa nyumba ya pili, mwanamke asiyejali lolote, anayeanika chupi upande wa barabarani, akafungua bahasha yake mbele ya watu, kisahani cheusi tii, na Daktari akakipokea kwa mikono miwili kama anapewa mtoto mchanga, akasema tazameni, huu ndio utajiri wangu, uchafu huu ndio ninaoutafuta, na yeye pale kwenye dawati la nyuma alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku ile hakufuta tena, lakini pia hakusema, angeanzia wapi, mtu wa kidato cha nne aliyefuta utafiti kwa nepi, wangemwondoa, wangechukua kisanduku, jirani wangesema, mama mkwe angesema, na kumbe mambo yana ujanja wake, wiki ile ile ya tano, Jumanne, usiku, basi la mwisho lilifika chini ya dirisha likasema vuuum. Alikaa kitako kitandani. Fundi alikuwa amelala chali, amenuna usingizini, mikono juu ya kifua kama maiti mwenye siri, na yeye akaelewa yote bila kuambiwa, masikio yake yamelala juu ya kituo hicho miaka mitatu, ni masikio ya mama, wangeyatilia saini gani hayo? Akaelewa pia la pili, lililomgandisha damu, kwamba visahani vyake vitasema uongo, visafi wakati wa pedi mbaya, vyenye vumbi wakati wa pedi nzuri, mtu akivisoma atasema tazama, hizi pedi mpya ndizo zilizoleta uchafu nyumba hii, na Fundi aliwahi kuropoka mezani kwamba pedi za zamani zimejaa stoo mpaka darini, zinangoja tu neno, na neno hilo litakuwa lake, yeye na kitambaa chake, kiiii itarudi, kikohozi kitaitika, na midomo ile... aliyempeleka mtoto kwenye zambarau ile mara ya pili atakuwa ni mama yake.

Lisukume upande, si mbele, upande! anasema mwanamke mmoja huko chini. Dada, hili godoro lako au langu? Lako, lakini usingizi unaotupotezea ni wetu. Na dereva amezima taa za ndani akaziwasha tena, kama mtu anayekonyeza, injini inaunguruma polepole, na mwanga wake umepanda ukutani ukapita kwenye kisahani kilicho mkononi, na yeye akakitazama, kwa mara ya kwanza usiku huu akakitazama hasa, maana wakati wote amekishika kama mtu anayeshika hati ya mashtaka asiyotaka kuisoma. Wiki ya nane. Vumbi lipo, ndiyo, jembamba, la kijivu, kama pumzi iliyobaki kwenye kioo, anaona kidole chake upande wa pili, anaona hata kovu la kisu. Vumbi la barabara, la viatu, la watu. Na ile ya kwanza usingeona kidole, usingeona taa, ile ya kwanza ungeandika jina lako juu yake kwa msumari. Akashtuka kwamba katika dunia nzima yenye mizani na vyuo na kamati ni mtu mmoja tu anayejua kisahani cha wiki ya kwanza cha dirisha hili kilikuwaje, naye ni yeye, yumo humu kichwani peke yake, na kichwa cha mama wa kidato cha nne hakiwekwi mezani mbele ya kamati, watasema ushahidi uko wapi, utasema niliufuta, maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wanavyosema, hayazoleki... Akasogea kuweka uzito kwenye mguu mwingine, kidole gumba kikagonga kopo. Koh. Likajibu kama mlango uliogongwa.

Yanazoleka. Maji yanazoleka, nani kasema hayazoleki, aliyesema hivyo hajawahi kupiga deki, yanazoleka kwa kitambaa! Akabaki ameduwaa, mdomo wazi, kisahani hewani, na mwalimu wa kemia akamjia mbio mbio kutoka darasa la kidato cha tatu, yule wa chaki nyuma ya sikio, aliyechoma mshumaa ndani ya chupa iliyozibwa, juu ya mizani, mshumaa ukapungua ukazimika na mizani haikusogea, akawageukia akasema umekwenda wapi, wapumbavu wangu wapendwa, umekwenda wapi, hakuna kilichopotea, kimehama tu, na wao wakaandika hakuna kilichopotea kimehama tu wakaisahau baada ya mtihani, kumbe yeye hakuisahau, hii hapa, imekaa miaka sita ikingoja siku yake... na Daktari naye darasani siku ile, wakati yeye ameinamisha uso nyuma ya dawati akisikia nusu nusu, alisemaje, alisema hatupimi uzito tu, tunaliyeyusha vumbi kwenye asidi tukahesabu chuma, tukahesabu shaba, hata likiwa kwenye shati la mtu, likiyeyushwa litataja kwao. Hata likiwa kwenye shati. Shati ni kitambaa. Nepi ni kitambaa. Mungu wangu, na kwa nini viko humu kwenye kopo, kwa nini hakuvitupa zamani, kwa sababu kile cha kwanza alikifua, alikisugua kwa sabuni, akakiloweka usiku kucha, na asubuhi weusi ulikuwa umegeuka rangi ya kutu, kutu kabisa, kama msumari ulioachwa kwenye mvua, akaogopa, akasema hii nepi imelaaniwa, akakificha, na vile vingine vitatu hakuthubutu hata kuvilowesha, alivikunja vikavu na kuvisokomeza ndani ya vile vifuko ambamo visahani hivyo hivyo vilikuwa vimetolewa, vilikuwa vitupu, vilikuwa karibu na mkono, na vifuko vile... akapiga magoti bila kukiacha kisahani, akafungua kifuniko cha njano kwa mkono mmoja na meno, akavitoa kimoja kimoja kwenye mwanga wa basi, na kila kifuko kina namba yake, mbili, tatu, nne, kwa wino wa Daktari mwenyewe. Hata yeye mwoga alikuwa ameviandalia majina bila kujua. Kutu inatoka wapi kama si chuma, na chuma kinatoka wapi kama si breki?

Taratibu, taratibu, usijidanganye, huenda ni masizi tu, huenda ni moshi, mtu hufurahi upesi akaumbuka upesi, hakikisha... na ovaroli ya Fundi imening'inia kwenye msumari pale pale, na mfukoni mwa Fundi hamkosekani ile sumaku yenye mpini anayookotea nati zilizoanguka kwenye mashimo ya karakana, akaipapasa, akaisogeza juu ya kitambaa cha wiki ya pili, haijagusa, bado haijagusa, na ncha ya nepi ikainuka. Ikainuka yenyewe. Ikasimama kama kijana aliyeitwa jina lake, na vumbi juu yake likasimama nywele nywele, ndevu nyeusi ndogo ndogo zikimwelekea, na mwili wake wote ukasisimka nao, machozi yakamtoka akiwa anacheka kwa puani, uko hapa, uko hapa wote, wiki tatu nzima za barabara hii zimekaa kwenye kopo la maziwa nyuma ya vifaa vya mume wangu, na sasa hivi tu nilikuwa ninazipeleka kwenye gari la taka! Na wazo likaja juu ya wazo, halimngoji hata apumue, Daktari aliacha kila nyumba kisahani kimoja kisichofunguliwa kamwe, alimuuliza cha nini hicho, akamwambia ni ili tujue kioo peke yake kinasema nini, tukitoe kwenye hesabu, basi na nepi, nepi ina sabuni yake, ina maji yake ya bomba, ina mkojo wa mtoto Mungu anisamehe, watauliza tutajuaje hiki chuma si cha nepi, watauliza, na jibu liko kwenye kapu la nguo, ile nepi aliyoichana imebaki nusu, nyeupe, safi, haijagusa kioo, atampa na hiyo, hiki Daktari ndicho kitambaa kisichofunguliwa, toa chuma chake kwenye hesabu... na hakuna aliyemwambia hilo, hakuna, limetoka humu, humu humu ndani ya kichwa kile kilichosema sijui saa kumi jioni.

Nini hicho kinalia ng'a, ng'a? Fundi, sauti ya usingizi, kutoka upande wa ukutani. Sumaku yako, inagonga kopo. Sumaku yangu saa sita usiku inafanya nini? Inanisomea. Akainuka kwenye kiwiko, akamwona mke wake kapiga magoti gizani na kopo na nepi na kisahani juu juu kama anayetoa sadaka, akasema mama Filimbi, kama ni uganga nifahamishe nihame mapema. Na yeye akamwambia, yote, mbio mbio, kwa kunong'ona, maneno yakikanyagana visigino, mgeni na sahani chafu, na kidole cha mama yako, na wiki nne, na sijui yangu ya jioni, na kamati, na ndevu za vumbi, na alipofika mwisho akangoja, sasa atapiga kelele, sasa atasema umeniua, na kitanda kikaanza kutikisika, alidhani ni kulia, kumbe Fundi amejifunika mto usoni, anacheka mpaka miguu inapiga ukuta. Maprofesa wanatafuta vumbi la breki na darubini, akasema alipoweza kusema, na mke wangu amelitia kwenye kopo. Shh, utamwamsha. Namwamsha nani, mtu hakohoi tena kama zamani tangu... akauziba mdomo kwa kiganja, kama aliyekanyaga ukingo wa shimo. Tangu Jumanne ya wiki ya tano, akasema yeye.

Kicheko kikakatika. Nani amekwambia? Hakuna aliyeniambia. Mimi sijasema kitu. Wala mimi sijauliza kitu, mume wangu, nina masikio tu, zilikuwa zinasema kiiii, sasa zinasema vuuum, ungetaka nisisikie ungeoa mwanamke wa mtaa wa pili. Na kwa mara ya kwanza akaona kwamba na yeye huyu fundi mwenye kofia za mzaha amekuwa akiogopa, wiki hizi zote, kila usiku anarudi na jibu mikononi, chini ya kucha, na hawezi kumpa mke wake anayekesha na daftari, akasema kwa sauti ndogo, usimwambie mtu, watajua ni mimi, watasema nimevujisha, daftari lako lote watalitupa. Na yeye akalifikiria daftari, vijistari vyake, wiki ya kwanza usiku mmoja kumi na saba, wiki hii usiku mmoja viwili, jana kimoja, hajaongeza wala kupunguza hata kimoja, visahani alivionea haya lakini kikohozi cha mwanawe hakukionea haya hata siku moja, na mtoto mmoja hasemi kitu, Daktari alishasema, watoto wote wakisema pamoja ndipo panakuwa na neno, sawa, lakini huyu mmoja ni wangu na hili ndilo neno lake, naye hataachwa nje kwa sababu mama yake aliogopa, mficha uchi hazai, na mimi nimekwisha kuzaa, yuko pale, anavuta pumzi. Yule mwanamke aliyekuwa dirishani dakika chache zilizopita akihesabu alfajiri na saa tatu hamjui tena, anamwonea huruma tu kama mdogo wake. Saa tatu itakuja, na ije, itamkuta amevaa kitenge kizuri, amepanga mezani vifuko vitatu, na kile cha kutu pembeni, na nusu ya nepi nyeupe, na hatafuta meza kwanza. Atasema jioni nilikudanganya, Daktari. Atasema nilifuta, na nilichofutia hiki hapa, na masikio yangu yalijua siku, andika na hilo, andika kwamba nilijua na kwamba hakuna aliyeniambia, wewe ndiye unayejua cha kulifanya. Wewe Alhamisi ukisimama, usiache nyumba ya mteremkoni.

Huko chini godoro bado limekwama mlangoni, nusu nje nusu ndani, mzee anasema liliingia, litatoka, kondakta anasema haya, tuhesabu wote, moja, mbili, na injini inaunguruma, na yeye bado ana kisahani cha wiki ya nane kati ya vidole viwili, hakukigusa katikati. Umenisikia? anasema Fundi. Usimwambie mtu. Mmoja tu, akasema, Daktari, kesho saa tatu, na wewe utakuwa kazini hutakuwa na cha kusikia. Na mama yangu? Akakitelezesha kisahani ndani ya bahasha, akaulamba ukingo wake, akaubana kwa kidole gumba mpaka ukashika. Mama yako ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wasiojua, akasema, Daktari peke yake, naapa kwa huyu aliyelala hapa, na baada ya Daktari simwambii mwingine.